Rasoir ya Citoyen Bisimwa

Bagira, Bukavu, 12 janvier 1975

Kwako Tonton Placide,

Ku enveloppe niliandika Citoyen Adjudant Bulonza, kama sheria ya kukataza majina ya wazungu inavyoomba. Ndani ya barua unabaki Placide, sababu mimi sina nguvu ya kukubatiza tena.

Jambo sana toka Bagira. Maman iko muzima, anakusalimia, na anauliza kama ndugu yake bado anakumbuka namna ya kushika bic na kuandika. Papa iko muzima pia. Angali kwa bureau ya état civil, anabadilisha majina ya watu toka asubuhi mpaka saa kumi. Akirudi nyumbani anamwita Maman "Citoyenne Nsimire", Maman ananuna, sahani haitoke jikoni, kisha njaa inamukumbusha Papa kama bibi yake anaitwaka Godelive. Bibi, mama yenu kule Mudaka, magoti yanamuuma, lakini mudomo wake uko na afya ya watu watatu. Mvua inanyesha kila siku. Barabara ya kushuka mjini imekuwa mufereji. Sisi wasichana wa shule ya lycée tunashuka viatu mukononi, tukifika tunaosha miguu, tunajipanga mbele ya bendera na tunaimba tukisifu maendeleo.

Masista walifunga vitu vyao, sasa lycée iko ya serikali. Misalaba waliitoa ku ukuta, lakini mahali ilikuwa imetundikwa rangi ilibaki nyeupe, basi misalaba iko palepale na iko safi kuliko zamani. Cours ya dini ilikufa, tuko na civisme, somo la kupenda taifa. Mwalimu ni yuleyule aliyekuwa anatufundisha katekisimu, na anatukasirikia na sauti ileile.

Sasa neno lenyewe. Préfet, mukubwa wa lycée, alitusomea tangazo: École des Cadets, shule ya jeshi ya Lubwe, mahali unafanyia kazi, inaita wanafunzi wa cinquième, mwaka wa tano, kwa stage ya mafunzo ya kijeshi wakati wa grandes vacances, likizo kubwa, mwezi wa nane muzima. Mwenye atafanya vizuri atabaki kule kumaliza sixième, kisha serikali itamulipia masomo ya ingénieur. Tonton, soma tena hilo neno la mwisho. Unajua toka primaire hakuna mutu aliyenipita kwa hesabu. Unajua pia barabara ya Bagira. Nataka kujenga barabara hata moja, mutu apite akivaa viatu vyake ku miguu. Dossier inaomba bulletin, photo, certificat médical, na barua ya askari wa familia mwenye cheo cha adjudant ao zaidi. Katika familia yetu yote askari ni wewe tu. Wengine ni wakristu.

Ni jambo la haraka. Usiniulize haraka ni ya nini.

Mutoto wako,
Colombe


Lubwe, 2 mars 1975

Colombe,

Barua yako ilinifikia imefunguliwa na kufungwa tena. Mutu aliyeisoma kabla yangu alikuwa anakula samaki, maana kidole chake cha mafuta kilibaki pale penye magoti ya Bibi. Natumaini alimuhurumia. Mimi niko muzima. Salimia dada yangu, umwambie ndugu yake anakumbuka bic, ila taifa halimupe nafasi. Salimia hata shemeji, mubatizaji mukubwa wa Bagira.

Basi unataka kuwa askari. Nilicheka mpaka caporal akaniuliza kama niliumwa na kitu. Wewe! Wewe uliyekimbizwa na bata wa Bibi ukapanda muti wa avocat, tukakuteremusha na ngazi ya kanisa? Ni kweli, hapa Lubwe hatuna bata. Tuko na sergent instructeur, na yeye hachoke haraka kama bata.

Nikuambie vacances yako itakuwa namna gani. Saa kumi na moja asubuhi wanapiga clairon, tarumbeta ya kuamusha watu. Unakimbia na jiwe ndani ya sac. Jiwe ni ya nini? Hakuna anayejua. Colonel aliyeleta ile mambo ya jiwe alihamishwa zamani, jiwe lilibaki. Ukirudi unakula maharagi. Saa sita unakula maharagi. Magaribi, sababu taifa linapenda watoto wake, wanakupa tena maharagi, na hayo mimi nayajua moja moja. Wanamuke tulio nao hapa ni wawili: mama anayefua nguo za maofisa, na mama aliye ku calendrier.

Ingénieur unasema? Mwaka jana wale ma-ingénieur wetu wa kesho walijenga mulango wa choo. Walifanya mwezi muzima, na plan, na vipimo, na salut kwa bendera. Mulango unafungukia ndani. Ukikaa, magoti yako ndiyo yanaufunga. Ni hapo unataka kuja kujifunza barabara?

Maliza lycée yako. Kaa kwenu. Sikiliza Papa yako, anaona mbali. Ile barua ya askari sitaweza kuiandika, kazi ni mingi.

Na kule Mudaka, majani iko ya kutosha? Ng'ombe wanakula vizuri? Nauliza tu.

Tonton wako,
Adjudant Bulonza


Bagira, 6 avril 1975

Kwako Citoyen Adjudant, mwenye taifa halimupe nafasi,

Sisi sote wazima. Pasaka tuliifanya sauti ya chini, kama watu walioiba kuku. Maman alisikia habari yako akafurahi, akaenda kuwaambia majirani kama ndugu yake kazi ya kufundisha watu bunduki inamuzidi. Mimi niliyesoma barua naona unajua maharagi kuliko bunduki. Lakini mimi ni mutoto, siseme kitu.

Juu ya bata: nilikuwa na miaka sita, na yule bata alikuwa na roho mubaya. Hata Abbé, padri wetu, alimuogopa. Uko unajua.

Juu ya majani: toka nizaliwe haujaulizaka majani ya Mudaka. Bibi alipougua uliuliza homa, uliuliza dawa, majani hapana. Leo majani inakunyima usingizi. Ni vizuri. Uzee unaleta mapenzi ya vitu vya ajabu.

Habari zingine za nyumbani. Siku hizi tuko na mugeni kila dimanche, siku ya misa. Anaitwa Citoyen Constantin, wa kule Minova. Ku karatasi iko na jina lingine, Papa ndiye alimupatia, lakini hakuna anayelikumbuka, hata mwenyewe. Ni acquéreur. Wakati serikali ilinyanganya wageni mali yao na kuigawia wenye inchi, yeye walimupa magazin ya Mugriki moja, yenye kujaa vitambaa, sukari, misumari na baiskeli. Sukari aliuza. Vitambaa aliuza. Baiskeli alipanda moja, zingine akauza. Hakurudisha kitu ndani, maana alifikiri magazin inazaa yenyewe kama sungura. Sasa amebaki na vinegar na macadenas ya kufungia milango, na mwezi jana aliuza étagère za kupangia vitu. Anakuja amevaa abacost ya kijani, suti ya wakubwa wa serikali, anaketi ku kiti cha Papa. Papa anaketi ku kiti cha Maman. Maman anasimama. Anakunywa bia yetu ya Primus na kutueleza biashara inavyoendeshwa.

Dimanche iliyopita aliniuliza kama najua kupika samaki. Nikamujibu najua équation ya daraja la pili. Alicheka sana, akasema hiyo haiwezi kushibisha mutu.

Sababu gani anakujaka, sitaiandika. Bic yangu iko na haya kuliko yeye.

Nakutumia dossier nzima kwa mukono wa jirani anayekwenda Kinshasa. Weka signature, ao irudishe bila signature. Lakini ujibu, Tonton. Nakuomba. Mimi sikuombaka kitu toka ile ngazi ya kanisa.

Colombe


Lubwe, 18 mai 1975

Colombe,

Hapa mvua imekata, vumbi imeshika kazi. Niko muzima, ila jino moja linanisumbua. Docteur wa kambi anasema nilale nalo kwanza. Salamu kwa wote.

Nimetia signature. Usirukeruke, sikiliza kwanza sababu.

Nilisoma dossier yako toka juu mpaka chini. Jina: Bisimwa Cirimwami. Jina la babu yako mubaba na jina la babu yako mumama. Nakumbuka ile siku, wakati Papa yako alikukata lile la Colombe akakupatia mababu wawili mara moja ili familia hata moja isinune. Nani asiyejua inchi yetu ya Bushi atasema ni mutoto mwanamuke? Nikatafuta pale wanauliza kama mutu ni mwanaume ao mwanamuke. Hapako. Wale walioandika formulaire hawakufikiri swali hilo liko duniani. Nikaangalia photo: nywele zimekatwa kabisa kama règlement ya lycée inavyotaka, chemise imefungwa mpaka shingo, na sura ya muzee Bisimwa siku ile walimunyima chupa ya pili. Docteur wa dispensaire yenu aliandika "bon pour le service", anafaa kwa jeshi, bila kuinua macho. Ni kawaida yake, angeandikia hata yule bata.

Sikuandika uongo. Niliandika: "Namujua mutoto huyu toka kuzaliwa. Ana akili, ana kichwa nguvu, na hakuna mutu aliyepata kumunyamazisha." Ni kweli tupu. Kama commission itafikiri ni kijana, hayo ni mawazo yao. Siku watafungua macho watacheka, watatupa dossier, na wewe utapona huu ugonjwa na kukaa nyumbani. Ndiyo sababu nilitia signature. Dawa chungu.

Yule bwana wa macadenas, naona ni mutu wa kuheshimiwa. Cadenas haiozi.

Dada yangu usimwambie kitu. Na usiende Mudaka siku hizi. Bibi anahitaji kupumuzika.

Tonton


Bagira, 22 juin 1975

Tonton,

Sisi wazima. Bibi naye muzima. Nilimuona kwa macho yangu kule Mudaka, mahali ulinikataza kwenda.

Nianze na ile itakayokushangaza. Walinikubali. Préfet alisoma barua mbele ya bendera: "Citoyen Bisimwa Cirimwami, atoke mbele!" Lycée yetu iko ya wasichana tupu, hata paka wa kule ni jike, lakini préfet hakushituka kusoma "Citoyen", neno la mwanaume. Nikatoka. Akaniangalia, akaangalia karatasi, akaona muhuri wa jeshi, akaanza kupiga makofi. Muhuri haubishwe. Chini kuna liste ya vitu vya kuleta: gamelle ya kulia chakula, brosse ya viatu, caleçon mbili za ndani za mwanaume, na rasoir ya kunyolea ndevu. Wanasema mwenye kukosa kitu hata kimoja atarudishwa kwao.

Papa alisoma barua mara nyingi. Alipima muhuri na kidole. Najua alifurahi, maana sikio lake lilicheza. Kisha akaikunja akasema: "Hautaenda. Seize août iko na kazi ingine."

Sasa nitaandika ile nilikataa kuandika. Seize août, kumi na sita ya mwezi wa nane, wananioza kwa Constantin. Hiyo ndiyo ilikuwa haraka yangu. Sikuandika sababu nilifikiri nikiiandika itakuwa kweli. Na sababu nilikuwa na wewe. Unajua desturi yetu kuliko mimi: mujomba asipopokea ng'ombe yake, ndoa haiko ndoa, iko maneno ya kunywea pombe. Kila dimanche nilimuangalia yule bwana ku kiti cha Papa nikasema ndani ya roho: kunywa, Citoyen, kunywa, Tonton bado hawajamuuliza, na siku watamuuliza atakucheka mpaka vifungo vya abacost vikatike.

Nikaenda Mudaka kuaga Bibi. Nyuma ya nyumba nikaona ng'ombe ya rangi ya kahawa, pembe moja imevunjika, inakula majani. Nikauliza ni ya nani. Bibi akasema: "Ya Placide. Ya ndoa yako. Iko hapa toka Noeli, na yeye alituma neno kama ameipokea."

Toka Noeli! Mimi nikikuandikia juu ya ingénieur, ng'ombe ilikuwa inanenepa. Wewe ukinijibu juu ya bata, ng'ombe ilikuwa inanenepa. Ndiyo maana majani!

Niliumia, Tonton. Leo sina mchezo. Nililala ku kitanda cha Bibi nikalia mpaka akaacha kuongea, na unajua hiyo ni kazi gani. Ulinipokelea ng'ombe bila kuniuliza hata neno moja. Constantin mwenyewe aliuliza samaki.

Salamu hakuna.

Bisimwa Cirimwami


Lubwe, 6 juillet 1975

Colombe,

Natumaini wote wazima. Jino walilitoa. Siyo lile.

Ndiyo, ng'ombe iko yangu. Niliwaza: mutoto atapata nyumba ya mabati karibu na ziwa, samaki karibu, hatakimbia na jiwe ku mugongo. Sikukuuliza, sababu kama ningekuuliza ungejibu. Ile barua yako ya mwisho nimeiweka ndani ya mufuko wa chemise toka ifike. Inanichoma pale. Basi.

Sasa sikia mambo ya hapa. Préfet wako, Mungu amubariki, alituma télégramme ya kupongeza jeshi kwa kuchukua "msichana wa kwanza wa lycée yetu". Nikaitwa kwa colonel. Nilisimama garde-à-vous, dossier yako ku meza, jasho ikishuka mpaka ndani ya viatu. Akapiga kelele na Lingala: "Mwana mwasi?" Mutoto mwanamuke? Nikajibu: "Ndiyo, mon colonel, toka kuzaliwa." Hakupenda jibu hilo.

Lakini utajua bahati yako. Huu mwaka wanasema ni mwaka wa wanamuke duniani kote. Juma moja kabla ya hapo, colonel huyuhuyu alipanda ku tribune mbele ya watu, akatoa jasho, akasema milango ya jeshi iko wazi kwa mabinti wa taifa. Alikuwa anasema milango ya maneno. Radio haijui tofauti, ikatangaza mpaka Kinshasa, na Kinshasa ikamupongeza. Basi akashikwa na maneno yake mwenyewe. Akakunywa maji. Akafunga dossier, akasema kumbe commission ilifanya kwa kusudi, na amri ilitoka kwake. Magaribi maofisa walikuwa wanamupa mukono. Kwa hiyo mahali pako papo.

Mutu wa kulipa alipatikana pia. Congé yangu, ruhusa ya kurudi nyumbani, imekufa, sababu nilisaidia commission kuona mbali bila kupewa amri. Siwezi kutoka kambi mpaka Noeli.

Na hapo ndipo kuna shida. Ng'ombe ya mujomba haikataliwe na barua. Inarudishwa na mujomba mwenyewe, kwa miguu yake, mchana, watu wakiona, mpaka ndani ya kiwanja cha baba wa binti. Miguu sina ya kukutumia. Nakutumia kofia. Wakati muzee wetu Cirimwami alishindwa kutembea, alikuwa anatuma fimbo yake kwenye baraza, na watu waliisalimia kama yeye mwenyewe. Kofia yangu ndiyo fimbo yangu. Mupe Bibi aione, atoe ng'ombe kwa mukono wake. Wewe uvae kofia, upeleke ng'ombe, useme neno moja tu: anarudisha. Usiongeze kitu. Najua ninakuomba mulima.

Ingine: kitanda cha msichana hapa hakiko. Utalala ndani ya dépôt, karibu ya mifuko ya maharagi. Usiogope, ufunguo ninao mimi peke yangu, na mimi nitalala inje ya mulango. Ndiyo, Colombe. Mimi ni adjudant wa jikoni. Bunduki niliishika mara ya mwisho wakati walitupiga photo, ile Maman yako ametundika ku ukuta. Umwambie ukitaka. Ao umuachie furaha yake na majirani.

Tonton wako,
Placide


Kavumu, ku uwanja wa ndege, 31 juillet 1975

Kwako Tonton Placide,

Walisema ndege ya jeshi inaondoka saa mbili asubuhi. Ni ndege ya jeshi, kwa hiyo jua limepanda na sisi tungali tunaketi ku majani, mimi na vijana wanaoniangalia kama colonel alivyoangalia ile télégramme. Barua hii sitaitia posta. Nitakupa mukononi, sababu nikifika kule utaanza kunisemesha kama adjudant, na kuna vitu vya kusema kabla ya hapo.

Wote niliwaacha wazima. Ng'ombe pia.

Bibi alipoona kofia hakuuliza kitu. Aliishika, akaipangusa vumbi, akanivalisha. Ilishuka mpaka ku masikio, Tonton, kichwa chako ni kubwa kuliko nilivyofikiri. Akafungua kamba yeye mwenyewe, na magoti yake yote. Nilitoka Mudaka mapema dimanche. Ng'ombe yako inatembea kama commis, karani wa serikali: hatua mbili, inapumuzika. Kufika Bagira nilikuwa na watoto wa mutaa muzima nyuma yangu wakipiga salut.

Constantin alikuwa ku kiti cha Papa, Primus mukononi. Niliingiza ng'ombe mpaka mbele ya meza. Nikasema: "Tonton Bulonza anarudisha."

Nikanyamaza. Uandike hiyo tarehe mahali.

Papa alisimama. "Kofia haiko mutu," akasema. Nilikuwa na majibu, Tonton, nilikuwa na majibu ya kujaza cahier, nikauma ulimi. Ng'ombe ndiyo ilijibu. Iliinua mukia karibu kabisa ya viatu vya yule bwana. Constantin akaruka, akapiga kelele: "Raphaël, hii ni nini?" Raphaël! Papa yangu, mwenye kukataza majina ya wazungu katika Bagira yote, mbele ya majirani waliojaa ku lupango ya kiwanja chetu! Hakuna aliyecheka mbele yake, ila ukuta wa jirani ulianza kutetemeka.

Ndipo Maman akatoka jikoni na ufagio. Unamujua, toka mugeni aanze kuja amesimama bila neno. Akaanza kufagia. Alifagia chini ya meza, akafagia chini ya kiti, akafika ku miguu ya mugeni, akaendelea. Papa akasema: "Godelive, mugeni angaliko." Maman akasema: "Namuona. Ndiyo maana nafagia." Constantin aliinua muguu moja. Maman akafagia pale. Akainua mwingine. Maman akafagia pale pia. Mutu hana muguu wa tatu wa kuinua, akatoka. Primus alikwenda nayo.

Kesho yake watu wa Constantin walikuja kuchukua ng'ombe zao zote mpaka Minova. Bibi analilia majani.

Papa hakunisemesha tena. Alikula, alienda kwa bureau, alirudi, alinipita kama kiti. Nilifunga sanduku mbele yake, hakugeuka. Nikajiambia: sawa, hiyo ndiyo bei yake. Lakini ilikuwa inaniuma, maana huyo mutu ndiye alinifundisha kuhesabu, na vijiti, chini ya ile meza.

Leo asubuhi camion ilikuwa imefika barabarani. Nikasikia: "Lete sanduku." Alikuwa amesimama ku mulango na liste yenu mukononi, miwani ku pua, kama wakati anapokea mutu kwa bureau. Akasoma: gamelle. Nikaonyesha. Brosse. Nikaonyesha. Caleçon mbili. Maman alizishona, akageuza macho, akasema ziko. Rasoir.

"Rasoir iko wapi?"

"Papa, mimi nitanyoa nini?"

"Serikali imeandika rasoir. Mutoto wangu hatarudishwa kwa dossier yenye upungufu."

Akaingia ndani. Dereva alikuwa anapiga klaksoni na kututukana. Papa akarudi na rasoir yake mwenyewe, ile ya kila siku, bado na povu ya sabuni ku kisu. Shavu moja lilikuwa limenyolewa, lingine bado. Akaifunga ndani ya mushwari wake wa kupangusia jasho, akaitia ndani ya sanduku, akafunga sanduku, akajaribu kufuli mara mbili. Nikasema: "Papa, hii ni yako, wewe utafanya namna gani? Nitakurudishia na posta."

Akatoa miwani. Akaniangalia, mara ya kwanza toka ile dimanche.

"Posta hapana," akasema. "Na usinitumie kofia ya mutu. Hii utairudisha wewe mwenyewe, kwa miguu yako, mpaka hapa ndani ya kiwanja."

Mutoto wako,
Colombe